Rejesta ya Lihami

Barua ya Stefania ilionekana siku ya kumi na tisa tangu mpunga wake uvunwe na watu wengine. Aliyeiona ni Justa, mke wa Beatus wa posta, na wala hakuwa anatafuta barua. Alikuwa anachota mpunga wa kukoboa kwenye gunia la mwisho lililobaki chumbani. Mkono ulipozama mpaka kwenye kiwiko ukagusa kitu kinachoteleza. Akakivuta. Ulikuwa mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, na ndani yake bahasha moja ndefu ya kaki, yenye kibandiko cha rejesta, barua isiyopokelewa bila sahihi, na muhuri wa baraza la ardhi.

Justa alimaliza darasa la saba, kusoma anajua. Bahasha ilikuwa ya Stefania wa kijiji cha Lihami, kupitia posta ya Namihanga. Akaiweka mapajani, akakaa palepale juu ya gunia, na maharage jikoni yakaungua hata harufu yake asiisikie.

Habari ya Stefania hakuna mtu Namihanga ambaye hakuijua. Mwishoni mwa mwezi wa tano, Yoramu, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, alikwenda Lihami na mgambo wawili na hukumu mkononi. Akavuna ekari tatu za mpunga ambazo mama wa watu alipanda, akapalilia, akaamia ndege kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Baraza la Ifakara lilikuwa limeamua shamba ni la Yoramu, na limeamua Stefania akiwa hayupo. Alipokwenda kuuliza, karani alimwonyesha kile kikadi ambacho posta humrudishia mtumaji kuthibitisha barua imepokelewa. Mama, wito uliupata tarehe ishirini na nane mwezi wa tatu, sahihi yako hii hapa. Stefania alirudi na basi akiwa anaongea peke yake, na tangu hapo anaishi kwa mdogo wake hapo Namihanga, maana chakula chake cha mwaka kilikuwa shambani.

Beatus aliporudi mchana kula, aliikuta bahasha juu ya meza, pale panapowekwa sahani yake.

"Baba Leticia, hii nini?"

Beatus alikuwa ameinama anavua viatu. Alikawia kwenye kamba za kiatu cha pili.

"Umeitoa wapi?"

"Nakuuliza ni nini, unaniuliza nimeitoa wapi. Nimeitoa kwenye chakula."

"Ni barua."

"Barua naiona. Ya nani?"

"Si umesoma."

"Nimesoma. Nataka na wewe usome, nikusikie."

Hakusoma. Alikaa kitandani na soksi moja mguuni, mtu wa miaka hamsini na nane, akatazama sakafu.

Sasa jambo hili lilikuwa hivi. Posta ya Namihanga ni chumba kimoja nyuma ya duka la Hajira. Mfuko wa barua hushushwa na basi la Ifakara linalokwenda Mlimba, Jumatatu na Alhamisi. Beatus ndiye karani, ndiye mpanga barua, ndiye mpeleka barua, ndiye mfagiaji. Zamani alikuwa na pikipiki. Iliitwa kwa matengenezo, na mwaka wa tisa huu inatengenezwa. Walioiita wana magari yao, hawajui siku inaishaje kwa mtu mwenye vijiji saba na baiskeli yake mwenyewe. Kati ya Namihanga na Lihami kuna mbuga ambayo kuanzia mwezi wa tatu huwa maji matupu, na ukitaka kuvuka unavuka kwa mtumbwi kwa nauli yako. Kwenye fomu ya safari ya wakubwa kuna mstari wa basi, kuna mstari wa teksi, mstari wa mtumbwi haupo. Beatus aliwahi kuandika mtumbwi kwenye "mengineyo". Fomu ilirudi imepigwa mstari mwekundu, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nzuri: fafanua.

Lakini wakubwa wanapenda asilimia. Kila mwisho wa mwezi wanataka kujua rejesta zimeingia ngapi na zimefika ngapi, na isiyofika unaiandikia maelezo ya ukurasa mzima. Basi Beatus na watu wa ng'ambo ya maji wakapatana wenyewe. Rejesta ikiingia, Beatus anaisaini siku hiyohiyo kwa jina la mwenyewe, anaitunza nyumbani, na mwenyewe anaichukua Jumatano akija kwenye gulio. Miaka minane walikwenda hivyo. Hakuna aliyelalamika. Watu walileta kambale, walileta mkungu wa ndizi, walisema Beatus ni ndugu, hatusumbui. Hata kuna wazee waliokuwa wakitania kwamba Beatus anaandika majina yao vizuri kuliko wao. Na wakubwa nao wakafurahi. Namihanga asilimia mia moja. Walimpa cheti chenye fremu, wakampiga picha, pikipiki hawakumpa.

Mwaka huu maji yalikuja kwa hasira. Mitumbwi miwili ilizama, na gulio halikukaa wiki saba.

"Kila Jumatano nilijua Jumatano ijayo litakaa," Beatus alisema.

"Ungempigia simu."

"Lihami mtandao hakuna."

"Mtandao Lihami uko pale kwenye kichuguu cha shule, kila mtu anajua. Ungemtuma hata mvuvi."

"Sikujua ndani kuna nini."

"Muhuri wa baraza uko nje hapa, Baba Leticia. Mkubwa kama sahani."

Beatus akavua soksi iliyobaki. Halafu akasema gulio liliporudi Stefania hakuja, alikuwa Kidatu kwa mwanawe Lukelo aliyekuwa anaumwa. Alipopanga barua za watu akaiona ile bahasha, akajua siku zake zimepita, akasema wiki ijayo nitaipeleka mwenyewe na kueleza. Kabla ya wiki kwisha Yoramu akawa ameingia shambani.

"Ndiyo ukaizika kwenye mpunga."

"Niliishika karibu na moto mara mbili," Beatus alisema. "Nilishindwa. Barua haichomwi."

Justa akachukua sahani akaenda kukwangua maharage yaliyoungua, akampakulia yaleyale.

Alhamisi asubuhi Stefania alikuja posta. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kandambili za mdogo wake ambazo zilikuwa ndogo, kisigino kinatoka nje. Watu wanne walikuwa wanasubiri mfuko wa basi. Wakampisha, si kwa heshima ya uzee tu, bali kwa sababu walitaka kusikia.

"Shikamoo mama," alisema Beatus.

"Marahaba. Nataka daftari."

"Daftari gani, mama?"

"Lile ninalosaini."

Daftari la rejesta haliruhusiwi kuonyeshwa kila mtu, Beatus alijua, na angeweza kusema hivyo. Lakini mikono yake ilishalitoa kwenye droo. Akalifungua kwenye mwezi wa tatu, akaligeuza. Stefania alisogeza uso karibu, akatembeza kidole taratibu mpaka akafika kwenye jina lake.

"Nani kaandika hapa?"

Beatus akajibu kitu ambacho baadaye kilimuumiza kuliko vyote. "Labda ni Lukelo alikuchukulia."

"Lukelo yuko Kidatu kwenye miwa tangu mwaka jana."

"Basi labda mjukuu."

"Mjukuu wangu ana miaka minne." Akageukia watu. "Ana miaka minne, na anaandika mwandiko huu wa ofisini."

Hajira alikuwa amekuja kusimama kwenye mlango unaounganisha duka na posta, kibaba cha sukari mkononi. Mume wake alikuwa mtu wa Kilwa, wamekaa Namihanga miaka thelathini, na kila anayenunua kwake anajua ulimi wake.

"Mimi naona mwandiko huu ni uleule ulioandika 'Tutarudi saa nane' pale mlangoni," Hajira alisema. "Herufi ya S ina mkia kama ngedere."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine, mwanaume wa Lihami, hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba na jina lake limo humo, na kwamba barua yake ya mwaka juzi aliichukua baada ya wiki mbili na kusema asante.

"Mama, yale mapatano si mnayajua wenyewe," Beatus alisema kwa sauti ya chini. "Si tulikubaliana watu wa ng'ambo wote."

"Tulikubaliana utunze," Stefania alisema. "Nilikupa jina langu ulitunze pamoja na barua. Jina umelipeleka baraza, barua iko wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema iko nyumbani. Justa alimwambia asubuhi hiyohiyo aseme. Alifungua mdomo. Basi likapiga honi barabarani, kondakta akatupa mfuko, na Beatus akatoka kwenda kuuokota kama mtu aliyeokolewa na mvua.

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba ya Beatus kupokea sala ya jumuiya. Kwa kawaida hujaa watu ishirini, watoto wakikaa kwenye mkeka nje. Justa alikoroga uji wa mchele kwenye sufuria kubwa, akaazima vikombe kwa jirani, akatandika kitambaa kipya chini ya sanamu ya Bikira Maria. Walikuja saba. Mwenyekiti wa jumuiya alitazama saa yake mara mbili, akasema labda wengine wapo mashambani, ingawa shughuli za shamba siku hiyo zilikuwa zimekwisha na wote waliokuwamo walijua.

Wa nane kuingia alikuwa Stefania. Alikaa karibu na mlango, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka.

Wakasali rozari. Wakasoma Injili. Ukafika wakati wa maombi ya waamini, kila mtu anasema la moyoni na wengine wanaitikia. Mmoja aliomba mvua za vuli. Mwingine aliombea mtihani wa binti yake. Kisha Stefania, akiwa ameinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi:

"Tuwaombee wanaoandika majina ya wenzao, Mungu awape na wao wa kuwaandikia. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," jumuiya ikaitikia. Wengine waliitikia kabla ya kuelewa, wengine baada. Beatus naye aliitikia, maana kutoitikia kungesikika zaidi.

Uji ulipogawiwa, Stefania alipokea kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru Justa, akakiweka chini mbele yake. Alikaa nacho mpaka mwisho bila kukigusa. Alipoondoka utando ulikuwa umeshika juu ya uji. Justa alikitazama kile kikombe akashindwa kukimwaga na akashindwa kukinywa.

"Mpelekee barua yake," alisema watu walipokwisha. "Leo hii. Kabla sijaipeleka mimi."

"Amepeleka ombi baraza hukumu itenguliwe. Wiki mbili zijazo. Nimeitwa shahidi."

"Nani kakwambia?"

"Mkaguzi wa posta kapiga simu. Anakuja Jumatatu."

Mkaguzi alikuja na gari jeupe, vioo vimefungwa, dereva wake akalisimamisha mbele kabisa ya duka la Hajira hata wateja wakawa wanapita upande upande. Hakusalimia. Aliuliza kama kuna kiti kisicho na vumbi. Hajira akamletea kreti ya soda na kipande cha kadibodi juu yake.

"Ndiyo kilichopo, mheshimiwa," alisema. "Kiti cha posta kilikwenda na pikipiki."

Mkaguzi akakaa. Mtu huyu alikuwa mdogo kwa Beatus kwa miaka ishirini, lakini Beatus alisimama mbele yake mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Wewe imebaki miaka mingapi kustaafu?"

"Mmoja, mkuu. Na miezi."

"Unaitaka?"

"Naitaka, mkuu."

"Basi jibu lako ni fupi. Yule mama alikuja, ulimpa, alisaini. Basi. Usieleze. Ukianza kueleza unaharibu."

"Mkuu, hakusaini yeye."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mkuu."

"Nimekuambia useme. Kuuliza na kuambia ni vitu viwili." Alitoa leso akajifuta shingo. "Unafahamu baraza likisikia posta inasaini kwa niaba ya watu, kesi ngapi zitafufuka? Bonde lote hili. Watu watatuuliza sisi huko juu. Mimi nitajibu nini?"

"Utawaambia hatuna usafiri, mkuu. Mimi nimeandika kuhusu usafiri mara kumi na moja."

"Usafiri umeingiaje hapa? Hapa tunazungumza nidhamu. Kuna waraka wa miaka minne iliyopita unaokataza kabisa kusaini kwa niaba. Kila kituo kilitumiwa."

"Haukufika, mkuu."

"Ulitumwa."

"Haukufika."

Upande wa dukani Hajira alikohoa kikohozi cha muda mrefu. Mkaguzi akainuka, akakung'uta suruali. Mlangoni akageuka na sauti yake ikawa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Beatus zaidi.

"Mzee, mimi sikuchukii. Ukisema ulisaini wewe, hilo ni kosa la jinai, si la ofisi tena. Mafao yanakwenda. Na kesho yake mimi nitaandika kwamba hatukujua. Nitaandika kweli, kwa sababu kwenye mafaili yetu hatujui. Mafaili yanasema asilimia mia."

Justa aliyesema mpelekee barua yake ndiye, jioni ile, aliyebadilika. Alikuwa anapeta mchele. Aliposikia neno mafao, ungo ulisimama mikononi mwake.

"Yote?"

"Yote."

"Na ada ya Leticia ya chuo?"

"Hiyo nayo si tulikuwa tunasubiri mafao?"

Akapeta tena kidogo. "Basi sema alisaini."

"Juzi ulisema—"

"Juzi sikujua. Juzi nilidhani utagombezwa." Akatupa makapi kwa kuku. "Mimi sikuolewa na wewe tu, niliolewa na posta. Miaka ishirini na sita nafua shati la posta. Natoa hela ya sabuni, natoa hela ya mtumbwi kwenye maandazi yangu. Sasa wale wanakaa huko kwenye feni, sisi ndio tuwe wakweli? Wao wana ukweli gani?"

"Hawana."

"Basi."

"Lakini si wao waliochukuliwa shamba, Mama Leticia."

Kuku waliparura, wakamaliza makapi, wakabaki wamesimama wakimtazama Justa. Naye akasema, si kwa mumewe, kwa ungo: "Shamba lile alilima na mume wake wakiwa na jembe moja. Mmoja analima, mwingine anapumzika. Alinisimulia mwenyewe kwenye wodi ya wazazi, tulilazwa pamoja, mimi nikiwa na Leticia yeye akiwa na Lukelo. Mtoto wangu alinyonya kwake siku tatu maziwa yangu yalipokataa." Akatikisa ungo mara moja. "Sema utakachosema. Mimi usiniulize tena, maana kila utakaponiuliza nitakujibu tofauti."

Siku ya baraza walipanda basi la alfajiri kwenda Ifakara. Beatus alikuwa amevaa shati la posta, amekumbatia mkoba wa ngozi. Hakumwambia mke wake atasema nini, na Justa hakuuliza. Stefania alikuwa kiti cha mbele na mdogo wake. Safari nzima waliona kisogo chake tu.

Chumba cha baraza kilikuwa na feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, wazee wa baraza wawili pembeni yake. Yoramu alikaa kulia na wakili wa suti ya kijivu. Mkaguzi alikaa nyuma, simu mapajani. Stefania alisimama peke yake upande wa kushoto, akaeleza. Hakusaini. Hakuona barua. Angeiona angekuja, hata kwa kuogelea. Wakili akamuuliza kama ana ushahidi wowote kwamba hakusaini.

"Mtu anakuwaje na ushahidi wa kitu ambacho hakukifanya?" Stefania aliuliza. Alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua.

Beatus akaitwa. Akaapa. Wakili akamwonyesha kikadi.

"Bwana Beatus, wewe ni mtumishi wa posta kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Na una cheti cha utumishi bora."

"Ninacho."

"Mwambie mwenyekiti. Barua hii ilipokelewa?"

Beatus akatazama nyuma. Mkaguzi alikuwa anatazama simu yake. Justa alikuwa ameinama, anakunjakunja pindo la khanga. Akageuka mbele, akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni, akafungua fundo kwa meno. Akatoa bahasha. Punje mbili za mpunga zikadondoka sakafuni. Kisha akatoa daftari la rejesta na kalamu, akatoka kwenye kizimba cha shahidi bila kuruhusiwa, akavuka chumba mpaka kwa Stefania.

"Mama, una barua ya rejesta," alisema. "Naomba usaini hapa. Chini ya hapa nilipoandika mimi."

Wakili alikuwa amesimama anasema kitu. Mwenyekiti akamwinulia mkono anyamaze.

Stefania aliitazama bahasha. Aliichukua kwanza, akaigeuza, akaona muhuri, akaona kwamba haijafunguliwa. Akashika kalamu. Ilimchukua muda mrefu kuandika, herufi moja moja, kubwa, zinapanda juu kama zinakwea mlima, na chumba kizima kilisubiri zifike mwisho. Hazikufanana hata kidogo na zile za juu yake.

"Unafahamu ulichokifanya ni nini?" Mwenyekiti alimuuliza Beatus.

"Nimepeleka barua, mheshimiwa. Imechelewa."

Kule nyuma mlango ulifunguka na kufungwa. Mkaguzi alikuwa ametoka kupiga simu.

Mambo ya baadaye yalikwenda haraka, kama mambo ya serikali yanavyokwenda yakiwa ya kumkamata mtu mdogo. Hukumu ya kwanza ilitenguliwa. Shamba lisiguswe na upande wowote mpaka kesi isikilizwe upya. Kuhusu mpunga uliokwisha vunwa, mwenyekiti alisema hilo ni dai lingine, lifunguliwe lenyewe. Stefania akatikisa kichwa. Mpunga ulikwisha liwa, hilo hakuhitaji kuambiwa. Daftari likachukuliwa kuwa kielelezo. Askari akaja, kijana mwenye adabu, akamwambia Beatus, "Mzee, twende ukaandike maelezo kidogo," akampeleka chumba cha pili na kurudishia mlango. Pikipiki hakuna aliyeiuliza. Waliotoa cheti hakuna aliyewaita.

Nje kwenye varanda, karani alikuwa anagawa makaratasi ya uamuzi. Stefania akalipokea la kwake.

"Tarehe ya kusikilizwa upya lini, mwanangu?"

"Bado haijapangwa, mama. Ikipangwa utaletewa wito."

"Utaletwa na nani?"

"Kwa rejesta, mama. Kupitia posta yako, Namihanga."

Stefania akatazama kile chumba cha pili ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa. Akamtazama karani kuona kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa anasoma ilivyoandikwa kwenye fomu.

"Basi nitasubiri hapa," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi refu la varandani.

"Mama, inaweza kuchukua hata miezi miwili."

"Sawa."

"Ofisi inafungwa saa tisa na nusu."

"Mkifunga nitaondoka. Mkifungua mtanikuta."

Karani akakuna kichwa kwa kalamu, akaingia ndani. Mdogo wake Stefania alikuwa ameshakwenda kuwahi basi.

Kwenye ncha nyingine ya benchi hilohilo alikuwa amekaa Justa, mkoba wa ngozi wa mume wake mapajani. Jua lilikuwa limezunguka paa na sasa lilimpiga usoni sawasawa, na yeye hakuwa na habari, alikuwa anatazama ule mlango. Kati yao palikuwa na nafasi ya watu watatu. Ndani ilisikika sauti ya askari ikiuliza jina kamili, na sauti ya Beatus ikijibu, na askari akiuliza tena.

"Wewe unasubiri nini?" Stefania aliuliza bila kugeuka.

"Mume."

"Mimi shamba."

Likapita gari. Likapita lingine.

"Sijakusamehe, Mama Leticia," Stefania alisema. "Wala yeye sijamsamehe."

"Sijakuomba, Mama Lukelo."

"Sogea huku basi. Jua linakuchoma."

Justa akasogea.